Picha Kumi na Moja za Gauni Moja

Shoga, cha kwanza nilichoona ni kale kaduara. Napandisha picha ya gauni la harusi kwenye tovuti ya duka, kanazunguka, kanasimama, halafu maandishi mekundu: "Kuna tatizo. Jaribu tena."

Tatizo gani? Haisemi! Nikapunguza picha. Nikazima simu, nikawasha. "Kuna tatizo. Jaribu tena." Mara kumi na moja!

Shangazi kanisimamia kichwani: "Duka langu lote, picha moja tu imekushinda?"

Kumbe zote zilikuwa zinaingia. Zote kumi na moja! Bibi harusi mwenyewe akapiga simu, anafoka: "Tovuti yenu imejaa msichana kavaa gauni langu! Ni nani huyo?"

Ni mimi, shoga. Sanamu ya duka imevunjika bega, na shangazi mwenyewe ndiye aliyesema nivae nipigwe picha.

Unajua alimjibu nini? "Usijali mwanangu, ni kibarua tu huyo, hata kushona hajui."

Hata kushona hajui! Mbele yangu!

Nikainamisha kichwa, unanijua. Ila wewe nakuambia: lile gauni nimelishona mimi, peke yangu, kuanzia shingo hadi pindo.