Sauti ya Chini ya Mabry

Jumatatu, 5 Februari 1973

Kwa masikitiko makubwa natangaza kustaafu kwa mfuniko wa sufuria kubwa, baada ya miaka mingi ya utumishi mwema katika muziki. Umerudishwa jikoni leo asubuhi kwa amri ya mke wangu Earlene, ambaye ana mifupa ya kuchemsha na hana subira. Nimejitetea. Nimemwambia hakuna upatu Chicago nzima wenye mlio kama ule. Naye akasema hakuna mfuniko mwingine Chicago nzima unaoenea sufuria ile. Kesi imekwisha.

Kwa hiyo meza yangu ya vikorokoro imebaki na njuga, honi ya baiskeli, vibuyu na mnyororo. Saksafoni yangu ya alto, filimbi na klarineti zinaning'inia ukutani. Na pale kwenye kona, juu ya kiti chake – ndiyo, ina kiti – baritoni, saksafoni kubwa ya rafiki yangu Mabry.

Naandika nikiwa nimeipa mgongo. Upumbavu. Lakini mgongo nimeipa.

Jumatano, 7 Februari

Mabry alikufa Agosti. Moyo. Kwenye ngazi za kituo cha treni, na mkate kwapani. Tulipiga pamoja tangu vijana, tukafukuzwa pamoja kwenye kila baa ya Upande wa Kusini iliyotaka muziki wa kuchezeka. Siku ya mazishi, watu wakiwa bado wanakula kuku kanisani, mjane wake Ozella alilikokota lile sanduku kubwa katikati ya viti mpaka kwangu.

“Shemeji, usiiache ikae kimya.”

Nilidhani nimeongezewa saksafoni. Sivyo.

Sauti ya saksafoni ni ya mtu, si ya chuma. Mpe Hosea, mpiga ngoma wangu, alto yangu hii, utamsikia Hosea (Mungu atuepushe). Lakini nikishuka chini kabisa kwenye baritoni hii, kwenye zile noti za sakafuni – anatoka Mabry. Ile sauti yake, kama mtu anayeongea nyuma ya mlango uliofungwa. Magazeti yaliiandika: sauti ya mababu. Mabry alicheka mpaka akakohoa. “Mababu zangu walikuwa wauza kuku Mississippi, bwana. Walikuwa wanapiga kelele.”

Wote tuliitafuta sauti ile. Tulinunua mwanzi wa kupulizia wa aina yake, tukanywa jini ya aina yake. Wapi! Naye hakuruhusu fundi aiguse baritoni yake hata siku moja. Aliifunga kwa mipira na kuiziba kwa chingamu. Alisema fundi akiingiza mkono mle, roho itatoka.

Sasa mimi naipata kwa pumzi ya kwanza. Bila kutafuta. Hilo ndilo linalonitisha.

Jumapili, 11 Februari

Onyesho la alasiri, ukumbi wa chini wa kanisa. Ozella mstari wa mbele, kofia ya Mabry mapajani.

Nimeanza na alto. Wimbo nilioutunga kwa miaka miwili. Makofi ya adabu. Mzee mmoja kafungua keki yake, karatasi inalia kuliko mimi.

Kisha baritoni. Mzee kaiweka keki chini.

“Haya, baba, sema,” akasema Ozella.

Nikashuka sakafuni.

“Nimekusikia!”

Akina mama wawili wakaitikia amina. Hosea akaangusha fimbo ya ngoma, na si kwa makusudi.

Baadaye Ozella kanishika kiwiko. Dada yake wa Detroit anamtaka akakae naye: chumba chake mwenyewe, chini, bila ngazi. Magoti ya Ozella yamekwisha, na nyumba yake haina joto tangu Krismasi. Kumbe leo alikuwa anamwuliza mumewe.

“Amesema nisubiri.”

“Shemeji, ile ilikuwa noti tu.”

“Noti ya nani?”

Nimeuliza kama kuna keki imebaki.

Jumanne, 13 Februari

Mholanzi amekuja! Ana kampuni ya santuri huko kwao, ndogo, lakini hai. Kapanda ngazi zote mpaka ghorofa yetu ya nne, akafika mwekundu. Anataka kunirekodi. Santuri kwa jina langu. Cleophus Tarpley, kwa herufi kubwa. Miaka ishirini nimekuwa jina la nyuma ya jalada, herufi za sisimizi.

Nimempigia alto. Filimbi. Mnyororo ndani ya beseni. Yeye anakula maharage na mkate wa mahindi, anatikisa kichwa kwa heshima, anaongezwa. Kisha kaelekeza kijiko kwenye kona.

“Na ile?”

Nikapiga. Akaacha kutafuna.

Anasema turekodi Jumamosi ya tarehe ishirini na nne. Baritoni peke yake, Hosea kwa mbali.

“Na alto?” nikauliza.

“Alto ni nzuri sana. Iache nyumbani.”

Alipoondoka Earlene kasema kutoka jikoni, bila hata kutoa kichwa: “Yaani wanataka kuandika jina lako juu ya kaburi la mwenzio.”

Sijui kwa nini nilioa mwanamke anayesikia akiwa chumba kingine.

Alhamisi, 15 Februari

Leo nimeshika alto ili nimkung'ute Mabry. Amenifuata. Vifungu vyangu mwenyewe, nilivyovipiga miaka yote, vinatoka taratibu, na ule mngojo wake katikati. Binti yangu Neesie kapita na mkoba wa shule.

“Baba, unapiga kama Mjomba Mabry.”

“Hii ni alto.”

“Ndiyo maana nashangaa.”

Jana nimetia sukari kwenye kahawa. Mimi sinywi sukari. Mabry ndiye aliyekuwa anakunywa sukari yenye kahawa ndani.

Ijumaa, 16 Februari

Theluji. Siku nzima nawaza baridi ya mwaka sitini na moja.

Mwaka ule Mabry hakuwa na pa kukaa, hajaoana na Ozella. Tulimlaza jikoni kwetu, chini, kando ya jiko. Neesie ndiyo kwanza kazaliwa, yumo kwenye droo ya kabati, maana kitanda hatuna. Earlene akatoa amri: mtoto akilala, saksafoni ifunge mdomo. Basi Mabry akawa anaisokomeza mdomoni chochote kilichokuwa karibu – taulo, sweta yangu, nepi (safi, Earlene alizikagua) – na kufanya mazoezi hivyo hivyo, akinong'ona, mpaka majira yalipogeuka. Aprili akaenda ukumbini, mdomo wazi, akashuka sakafuni… na sauti ile ikatoka. Kabla ya hapo alikuwa anabweka kama sisi wote.

Tulisema ni baridi. Tulisema ni njaa. Mwingine akasema ni kwa sababu ya kunong'onea mtoto. Yeye alisema: “Ni jiko la Earlene, bwana. Limeniingia.” Earlene akadhani anasifiwa mapishi, akamwongeza nyama.

Jumapili, 18 Februari

Sitaki kuandika. Naandika.

Ukumbi umejaa. Habari zimeenea kwamba Mabry anaongea kwa Tarpley. Kuna watu wamekuja na maua!

Katikati ya kipande cha mwisho Hosea anatikisa uzi wa njuga, uzi ukakatika. Njuga zikaruka kila upande, moja ikaingia kwenye mdomo wa baritoni. Nimeiona ikiingia. Nimesubiri ilie.

Haikulia.

Nimeitikisa baritoni. Kimya. Nimeigeuza juu chini mbele ya watu wote. Hakuna kilichotoka, hakuna kilichogonga. Njuga! Kazi yake duniani ni moja tu.

“Mabry kaimeza,” Hosea kaninong'oneza. Alitaka iwe utani. Uso wake haukupata habari hiyo.

Na Ozella? Kanisubiri mlangoni, ameshavaa koti.

“Leo kasema wazi. Nisiende. Nimeshampigia simu dada yangu, asinitandikie kitanda.”

“Kwa magoti hayo? Kwenye nyumba ile?”

“Shemeji, miaka kumi na moja nimelala na mwanamume asiyesema neno ndani ya nyumba. Sasa anasema. Niende wapi?”

Akashuka ngazi kwa kutanguliza mguu mmoja, kisha kuuletea wa pili. Nilitaka kumshika mkono, kakataa. Mkono umeshikwa na kofia.

Jumatano, 21 Februari

Baritoni nimeifunika shuka. Sasa inaonekana kama mtu aliyefunikwa shuka. Nimeifunua.

Nimemwambia Hosea kwamba santuri siitaki. Mjane anaganda kwa baridi kwa sababu ya pumzi yangu. Na pumzi yenyewe si yangu.

“Kwa hiyo,” anasema Hosea, “unamngoja Mholanzi mwingine miaka ishirini? Utampigia na meno ya nani, kaka?”

Amechukia. Sitaweza kumlaumu. Jina lake pia lingekuwemo.

Ozella kapiga simu. Jumamosi atakuwepo, akae karibu kabisa na mashine. Anataka jibu la mumewe liingie kwenye rekodi ampelekee dada yake, maana dada yake anasema amerukwa na akili. Atakuja kula kwetu Ijumaa na kulala hapa, asihangaike asubuhi.

Nimesema karibu. Ningesema nini?

Ijumaa, 23 Februari

Alasiri. Jikoni samaki kambare wanasubiri mafuta.

Nimeshindwa kuvumilia ile njuga. Nimenyoosha hanga ya koti, nikaipinda ncha, nikalaza baritoni sakafuni, nikaingiza mkono wote. Mtu mzima! Kule chini, kwenye kona ambako bomba linageuka kurudi juu, ncha ikakamata kitu laini. Nikavuta. Kikakataa. Nikavuta tena.

Vumbi. Manyoya ya vumbi. Njuga. Na njuga imekaa ndani ya kitu cha kijivu, kikubwa kama vidole vyangu viwili, kikavu kama nyama ya moshi.

Nimekiweka mezani. Kisha nimeweka baritoni mdomoni, nikashuka sakafuni.

Ikabweka.

Kubwa, nzito, imenyooka, haina mlango wala nyuma ya mlango. Nimepiga tena. Ni mimi. Kwa mara ya kwanza kule chini, ni mimi – na wala si vibaya! Ningefurahi. Nimekaa chini kwenye kile kiti chake.

Earlene katokea na mikono ya unga.

“Baba Neesie, nini kimelia hivyo?” Kisha kaona meza. Kakiokota, kakinyoosha, kakipangusa kwa kidole gumba. “Heee! Soksi ya Neesie!”

“Nini?”

“Soksi ya Neesie! Nilifuma mwenyewe. Uzi wa njano uliniishia, ndiyo maana kidole ni cha kijani, ona. Niliitafuta mwezi mzima, bwana! Nikamwambia Bi Pruitt wa chini kwamba kaichukua kwenye kamba. Mpaka leo hatusalimiani!”

Akaenda nayo. Sikumzuia. Nilikuwa naikumbuka ile droo ya kabati, na Mabry kando yake akisokomeza chochote alichokishika.

Kwa hiyo mababu ni hao. Magazeti, maua, Detroit.

Nimekuwa nikitembea chumbani. Nikiirudisha, kesho Mholanzi anapata anachotaka, Hosea anapata jina lake, na Ozella anamsikia mumewe, anabaki kwenye baridi. Nani atajua? Nisipoirudisha, santuri ni yangu kweli, kama Mholanzi ataitaka. Lakini mbele ya mashine Ozella atasema “haya, baba, sema,” na atakayejibu ni mimi. Mabry atakufa mara ya pili, na sasa mkononi mwangu. Ila Ozella atakwenda Detroit. Au nimwonyeshe tu, nimwekee kiganjani, nimwambie shemeji, mumeo alikuwa hataki kumwamsha mtoto wetu.

Hiyo ya mwisho nusura niikubali.

Namsikia kwenye ngazi. Mguu mmoja, wa pili, anapumzika. Yuko ghorofa ya kwanza. Kwa magoti yale nina muda wa kuandika. Lolote nitakaloamua, lazima niwe nayo mkononi. Nimeenda jikoni kuichukua.

Earlene ameifua; vumbi la miaka kumi na miwili limekwenda na sabuni, na sijui kama Mabry kabaki. Iko juu ya hita, ya njano tena, kidole cha kijani, inatona maji.