Usiitume Kabla Haijakusomea

Mwanahawa, mke mwenzangu, mjukuu wangu,

Salamu zikufikie huko China. Huku Mbwera tu wazima, mpunga umechanua. Unauliza kama kuna ubaya wewe muuguzi kuisemea simu kwa Kiswahili ikuandikie Kichina. Tangu nisomewe swali hilo, moyo hautulii.

Siku nilipoumwa uchungu wa mama yako, mama yangu alimpigia ukelele mvuvi wa ng'ambo ya mto, amlete mkunga. Mvuvi akayarudia kwanza maneno yote, mama akaitikia, ndipo akapiga kasia. Mimi ndani namlaani kwa kukawia! Lakini ndivyo tunavyotumana huku, upepo hula maneno.

Basi simu ikishaandika dawa ya mgonjwa, iambie ikusomee kwanza kwa Kiswahili, ndipo uitume.

Nawe nijibu kwa kuyarudia haya, nijue yamefika.

Bibi yako