Lebo za Asali na Darasa Uliloniachia

Mke wangu Mama Ester,

Nakuandikia kutoka hapa hapa Kasulu, nimekaa barazani, mchana umetulia na Ester kaenda kwaya. Kesho saa tatu asubuhi nina mtihani. Ndiyo, mimi. Nikifeli, darasa lako la usanifu wa matangazo na machapisho linafungwa, na wanafunzi wako kumi na wanane wanarudishwa kwenye masomo ya kawaida. Nimeona nikwambie mwenyewe, maana ungekuwepo ungecheka mpaka ukae chini.

Unakumbuka siku uliporudi na habari kwamba shule imechukua mkondo wa amali, watoto wasome na ufundi wa kazi, na wewe mwalimu wa Kiswahili umepewa somo hilo kwa sababu mwandiko wako wa ubaoni ni mzuri? Nilicheka. Nikakuuliza tangu lini kuandika jina la duka ukutani kukawa somo la sekondari. Wewe ukaendelea kuchambua maharage. "Ukimaliza kucheka," ukasema, "Jumatatu uje na brashi zako." Nilikuja nikidhani ni kwa siku moja tu.

Siku hiyo ulimpa Jenipha, yule binti wa Kakonko asiyependa kukosea mbele za watu, aandike jina la shule kwenye ubao wa mbao. Alianza kwa herufi kubwa nzuri, akafika mwisho hana nafasi, herufi tatu zikabanana pembeni. Darasa likacheka. Nikawaonyesha tunavyofanya sisi mafundi: unahesabu herufi na nafasi zake, unatafuta iliyo katikati, unaanzia hapo kwenda kushoto na kulia. Ulikuwa umesimama nyuma ya darasa, umekunja mikono, unaniangalia kwa namna ambayo sikuwahi kuiona tangu tuoane. Nililipenda lile darasa kuanzia siku hiyo, na sababu ni wewe.

Sasa nikueleze yaliyotokea baada ya kukuzika. Wale kina mama wafuga nyuki wa Kibondo waliokuomba lebo za chupa za asali, kazi yao iliendelea. Mchoro uliukagua mwenyewe ukiwa kitandani hospitali, ukaurudisha na wino mwekundu: "Uzito usomeke bila miwani." Watoto wakasahihisha, mimi niliyebaki na darasa nikaidhinisha, tukachapa kwa printa ya shule. Zilipendeza kweli. Kina mama wakazibandika, kisha wakafanya kile anachofanya kila muuza asali: wakafuta chupa kwa kitambaa chenye maji, maana asali haikosi kuchuruzika. Wino wote ukayeyuka. Nyuki, uzito, jina la kikundi, vyote vikawa doa moja la bluu.

Mwenyekiti wao, Mama Anjelina, alikuja shuleni na chupa mbili kwenye kikapu. "Mwakeye," akasalimia kwa Kiha, taratibu, akaziweka mezani. "Hizi tumezipeleka sokoni. Watu wametuuliza kama siku hizi tunauza wino."

Nilitamani ardhi inimeze. Mimi ninayeandika mabango yanayopigwa na mvua za Kasulu, sikuuliza swali la kwanza la kazi yangu: hii itaguswa na nini? Akili yangu ilikuwa bado kaburini kwako, na aibu wakaipata watoto.

Bodi ya shule ilipokaa, mjumbe mmoja akasema somo lisilo na mwalimu ni mchezo wa rangi. Mkuu wa shule alitutetea. Mwisho wakakubaliana kwamba nikipata cheti cha ufundi kabla muhula haujaisha, nitabaki kufundisha. Nikikosa, basi.

Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nikaenda darasani na kipande cha pazia jepesi. Tukakiwamba kwenye fremu ya mbao, Jenipha akakata umbo la lebo kwa wembe kwenye karatasi ya nta, tukasukuma rangi ya mafuta ipenye pazia kwa kipande cha raba, rangi moja kwanza, kisha nyingine. Zilipokauka nilipaka asali lebo moja mbele yao, nikampa Jenipha kitambaa kibichi.

"Futa mpaka mkono uchoke."

Akafuta. Akageuza kitambaa, akafuta tena. "Fundi, haitoki," akasema, akaiinua lebo wenzake waione. Mama Anjelina alizichukua zote na kuagiza nyingine za msimu ujao.

Kilichobaki ni mimi. Kazi ya mikono hainitishi. Tatizo ni karatasi ya kuandika, na unajua niliishia darasa la saba. Mji mzima unasoma mwandiko wangu, lakini karatasi ya maswali bado inanitoa jasho. Kila siku baada ya vipindi watoto wananikalisha kwenye dawati, Jenipha ameshika madaftari yako, wananihoji: pambizo ni nini, kwa nini safu ya maneno isiwe pana mno. Nikikosea, kesho yake wananirudishia swali lile lile. Hawana huruma kabisa, uliwafundisha vizuri.

Kuna jambo lazima nikwambie kabla sijaenda. Mwaka ule darasa lilipoanza, ulinijazia fomu ya mtihani huu huu, ukaniwekea mezani nisaini tu. Nilikwambia imepotea. Ukaitafuta nyumba nzima, mpaka chini ya godoro. Haikupotea, Mama Ester. Niliwashia jiko. Niliogopa kufeli huku unaniangalia. Ningeipeleka siku ile, leo hakuna ambaye angesema darasa lako halina mwalimu. Nisamehe.

Safari hii nimejaza fomu mwenyewe, kwa mkono wangu, kila kisanduku, na nimeipeleka mwenyewe chuo cha ufundi. Sitaki kusikia habari ya kufeli. Na hata nikifeli nitaomba tena, na bodi itanikuta mlangoni. Palipouliza kazi ya mwombaji nilikaa na kalamu kwa muda mrefu. Sikuandika fundi rangi. Nimeandika: mwalimu.

Pumzika, mke wangu. Mimi nina kazi ya kufanya.

Mumeo,
Baba Ester