Mawakala Wawili, Dada Mmoja

Mshauri mpendwa, shikamoo. Naomba uniokoe kabla ya Alhamisi, maana Alhamisi dada yangu ana usaili wa kazi na mimi ndiye niliyeuharibu, au huenda nimeuharibu, bado sijui, na kutojua huku ndiko kunakonifanya nicheke peke yangu bafuni halafu nikae juu ya ndoo nijishike kichwa.

Nina miaka kumi na sita, niko kidato cha tatu. Darasani sijawahi kunyoosha mkono hata siku moja, hata nikijua jibu, hata mwalimu akinitazama kama mtu anayezama na mimi ndiye mwenye kamba. Lakini kwenye karatasi, mshauri, mimi ni mtu mwingine kabisa. Rafiki zangu (ninao wawili) huniomba niwaandikie barua za kuomba radhi kwa wazazi wao, na hadi leo hakuna barua yangu iliyokataliwa.

Dada yangu ni mkubwa wetu, anaandika programu za kompyuta, na kazi yake anaijua kwelikweli, lakini kampuni alimokuwa ilifungwa na huu ni mwezi wa nane yuko nyumbani, meza ya kulia imekuwa ofisi yake na sisi tunakula sahani zikiwa mapajani. Mawakala wa ajira, wale ambao makampuni huwatuma kuwatafutia wafanyakazi, humwandikia kila wiki, na shida ni jinsi anavyowajibu. Mmoja alimuuliza kama ana uzoefu wa miaka kumi wa kutumia chombo fulani cha kuandikia programu, dada akamjibu, "Chombo chenyewe kina miaka sita. Labda umtafute aliyekiota." Alitusomea kwa sauti, akijisifu. Mama alikuwa anapita na beseni la nguo za kuanika.

"Mtu kakuuliza vizuri, mbona unamng'ata?"

"Mama, hawa hawajui hata wanachokitafuta!"

"Hata wewe nikikutuma dukani hujui. Lakini unauliza, unaelekezwa, unarudi na kitu mkononi."

Dada akanigeukia. "Haya, wewe mwenye maneno ya asali, nijibie hawa watu kabla sijamtukana mtu mzima. Cha maana niite, cha kipuuzi malizana nacho mwenyewe." Akanipa neno la siri la barua pepe yake, hivihivi tu, huku anatafuna karanga, na kuanzia siku hiyo akaniita Katibu.

Mshauri, mimi sijawahi kupewa cheo. Hata ukiranja wa ubao sijawahi. Siku ya kwanza nilijibu barua kumi na moja, nikiandika kama dada, lakini dada aliyelala vizuri na kunywa chai. Kuhusu ujuzi wake sikudanganya hata neno moja, kila swali la kitaalamu nilimuuliza na nikaandika alichosema, nikipunguza matusi tu. Nao wakaanza kujibu! Watu wazima, wenye ofisi, wananiandikia mimi "asante kwa jibu lako zuri," nikawa natoka shuleni mbio kama nimeacha chungu jikoni, nafungua kompyuta hata soksi sijavua.

Kati yao nilipenda wawili. Wa kwanza ni mama mmoja ambaye moyoni namwita Bibi Nukta, kwa sababu huweka nukta hata baada ya salamu. "Habari. Natumaini u mzima." Aliniambia ana mteja anayesambaza dawa, mwenye maghala matano, anatafuta mtu wa kuunda mfumo wa kufuatilia mizigo. Jina la kampuni hakulitaja, mawakala huwa wanalificha kwanza. Akauliza, "Je, unaniruhusu nipeleke wasifu wako? Nijibu kwa maandishi." Nikamjibu, "Naam, kwa moyo mkunjufu."

Wa pili ni kaka mmoja mchangamfu, kila mtu kwake ni kiongozi. Siku tatu baadaye akaandika, "Kiongozi, kuna kampuni ya mambo ya afya, wako vizuri sana, nikupeleke?" Naye hakutaja jina. Mimi kichwani nilijenga picha ya hospitali, vitanda, manesi, sikufikiria maghala hata kidogo, na isitoshe alikuwa ameweka alama mbili za kucheka, sasa mtu kama huyo unamkataliaje? Nikajibu kwa moyo mkunjufu vilevile.

Ijumaa Bibi Nukta akaandika kwamba dada ameitwa usaili Alhamisi, saa nne asubuhi, na safari hii akataja jina la kampuni. Sikumaliza hata kuisoma ile barua. Nilikimbia na kompyuta mikononi, waya unaburuzika nyuma, nikapiga kelele ambazo sikujua ninazo. Dada akamnyanyua mama na beseni lake, akamzungusha, mama anapiga mayowe "nishushe, mwendawazimu wewe, nishushe," na mimi dada akanibusu kwenye paji la uso mbele ya jirani aliyekuja kuona nani kafa. Mshauri, sijawahi kuwa na furaha kama ile. Nilihisi kama mimi ndiye niliyeajiriwa.

Kisha nikarudi kumjibu Bibi Nukta, ndipo nikaona aya ya mwisho. "Nithibitishie kabla ya Jumatano adhuhuri kwamba hakuna wakala mwingine aliyekupeleka kwa mteja huyu. Wakipokea mtu mmoja kutoka kwa mawakala wawili humwacha mtu huyo na mawakala wote wawili, hawataki ugomvi wa nani alipwe."

Na chini yake kulikuwa na ujumbe wa asubuhi wa yule kaka, ambao sikuwa nimeufungua. "Kiongozi, wasifu nautuma kesho jioni!" Na jina la kampuni. Ni ileile, mshauri. Ni ileile.

Leo ni Jumamosi na jioni inakuja. Dada anapiga pasi koti lake kwa mara ya tatu huku anaimba, na kila nikimtazama nataka kusema halafu naishia kusema "koti limependeza." Je, nimjibu Bibi Nukta kwamba hakuna wakala mwingine, nimwombe Mungu yule kaka asahau? Au nimwandikie yule kaka, kama dada, kwamba nimehama nchi? Nimeshaandika rasimu ya hiyo ya kuhama, na ni nzuri sana, naogopa jinsi ilivyo nzuri.

Ni mimi,
Katibu wa Dada

JIBU

Marahaba, Katibu. Barua yako nimeifungua Jumatatu, na ili jibu liwahi gazeti la Jumanne nikawaomba wenye matatizo ya ndoa wanisubiri, maana wao wamegombana miaka kumi na wewe umebakiza siku tatu. Na nikiri kwanza nimecheka hadi mhariri kaja kuchungulia.

Sasa tuache kucheka. Hiyo rasimu ya kuhama nchi ifute leo. Najua ni nzuri. Futa. Na usithubutu kumwandikia Bibi Nukta neno "hakuna." Ukimwandikia, ataingia kwa mteja wake akiapa kwa jina lake, halafu wasifu wa pili uwe umeshafika mezani. Hapo dada yako atakosa kazi hii na ataonekana mwongo kwa mwanamke ambaye angeweza kumtafutia nyingine kumi. Mficha maradhi kifo humuumbua, mwanangu, na haya yako hata si maradhi makubwa. Kwa mawakala, mtafuta kazi kupelekwa mara mbili si jambo geni. Huwapata watu wazima wenye ndevu, kwa sababu hiyohiyo, wanaruhusu kupelekwa mahali ambapo hawajaambiwa ni wapi.

Kosa lako si la kusema ndiyo mara mbili. Hukujua. Kosa lako ni hizi siku unazosifia koti. Dada yako alikuambia cha maana umwite. Hiki ndicho cha maana kuliko vyote, na ndicho pekee ulichokaa nacho.

Basi mwambie leo, ukiwa umeshika zile barua mbili. Atafoka, mwache afoke. Kisha yeye mwenyewe, si wewe, ampigie simu Bibi Nukta. Simu, Katibu, si barua. Amwambie wakala wa pili aliruhusiwa kimakosa, na amtajie tarehe ya kila ruhusa. Bibi Nukta aliomba kwanza na ana jibu la maandishi, hiyo ni ngao yake na ni ngao ya dada yako. Akishakata simu hiyo, ampigie yule kaka amwombe aondoe wasifu, na amshukuru, kwa sababu naye alimtafutia riziki. Kaka atalalamika kidogo, na ana haki. Bibi Nukta ndiye atakayemweleza mteja, kabla mteja hajagundua mwenyewe.

Je, usaili utapona? Sijui, na sitakudanganya. Ninachojua ni kwamba mawakala wengi wangependa kumpigania mtu aliyewapigia simu akasema "nimekosea" kuliko yule waliyemkamata.

Na wewe dada mtu, kama gazeti limekufikia, nina neno na wewe pia. Umempa mtoto wa shule funguo za riziki yako huku unatafuna karanga. Mdogo wako amekufungulia mlango ambao ulikuwa unaupiga mateke kwa miezi minane. Mshukuru, kisha chukua funguo zako. Akuandikie, lakini wewe usome kabla barua haijaondoka, na asiruhusiwe wakala yeyote kupeleka jina lako mahali ambapo hajapataja. Na Alhamisi, usaili ukiwepo, ongea kama wewe. Ukiingia pale na "kwa moyo mkunjufu" utatoka jasho.

Katibu, umesema darasani hunyooshi mkono. Huu si mkono wa darasani, hauna alama wala hakuna wa kukucheka. Kunja gazeti, nenda pale anapopiga pasi, umwambie azime kwanza. Anza na "samahani, dada." Na popote utakapofika, usimalizie na "lakini."