Mwalimu Wetu wa Sindano

Nasma, shika simu! Nimetoka kwenye usaili, zahanati moja ya binafsi hapa Makandana.

Unajua nani alikuwa ananisaili? Mwasikili! Mwalimu wetu wa chuo, yule aliyetufundisha kuchoma sindano miaka miwili.

Mie mjinga nikafurahi. Nikampa cheti, hata hakukisoma. "Vero, chuo kile hakikuwahi kusajiliwa. Hii ni karatasi tu."

Nikamwambia, "Lakini sahihi hii ni yako!"

"Najua. Nilikuwa natafuta ugali." Akacheka. Nasma, ALICHEKA, wagonjwa wanatuangalia.

Akaingia bibi mmoja kutoka Lupepo, na nesi hayupo. Mwasikili akanipa sindano, eti nimchome. Nikamchoma. Bibi akanishika mkono: "Ndaga, asante, daktari wangu, sijasikia hata maumivu."

Bibi alipotoka, Mwasikili akasema, "Una mkono mwepesi sana. Ila nafasi niliyonayo ni ya kupiga deki."

Na mama ameshalitangazia kanisa zima kwamba mwanawe ni tabibu.

Nimekubali, Nasma. Naanza Jumatatu.

Kakuulizia na wewe. Anasema anatafuta mtu wa kufua mashuka.