Wale Watatu wa Bibi Hertina

Louisville, 3 Machi 2025

Mama mpenzi,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje na baridi ya Columbus? Sisi hapa mtaa wa Iroquois hatujambo.

Naandika kwa sababu kwenye simu unanikatiza. Mzee ninayemtunza, Bibi Hertina, ni wa visiwa vya Marshall. Utotoni mwake Wamarekani walijaribu bomu la nyuklia karibu na kwao; jivu likawanyeshea, watoto wakalichezea. Baadaye alizaa watatu wasio na mifupa, wakapumua siku moja tu. Madaktari wa serikali walimpima kila mwaka, lakini hao watatu hawakuandikwa popote. Sasa imekuja fomu ya madai ya fidia: taja watoto uliowazaa. Mpwa wake anasema ataje walio hai tu. Bibi hataki, na saratani haimpi muda. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Mwanao, Kornelia

Columbus, 20 Machi 2025

Mwanangu,

Marahaba. Goti linauma, natembea hivyo hivyo. Ndugu yako Silvano amepata kazi ya ghala huko Buffalo, anataka nihamie kwake. Unakula lakini?

Hiyo fomu waachie wenyewe. Serikali hujibiwa kwa kifupi.

Mama yako

Louisville, 9 Aprili 2025

Mama, shikamoo, na pole na kuhama.

Bibi aliwaandika wale watatu bila majina, na fomu imerudishwa: wapewe majina au wafutwe. Bibi alilia mpaka nikaogopa. Tangu siku hiyo kuna kitu kinanisumbua. Kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania tulilala watoto wanne kwenye mkeka mmoja. Nahesabu mimi, Silvano, Karoli. Wa nne alikuwa nani?

Kornelia

Buffalo, 30 Agosti 2025

Kornelia mwanangu,

Hujambo? Barua hii nimeiandika na kuichana mara nyingi.

Alikuwa Joselyne. Malaria ilimchukua akiwa na miaka miwili. Sikutoa taarifa, ili mgao wake wa unga uendelee. Mlikuwa na njaa. Siku ya mahojiano ya kuja Amerika, afisa aliona jina, akauliza yuko wapi. Niliogopa watatufuta sote. Nikasema sijawahi kumzaa, karani alikosea. Nilisema huku natabasamu.

Mwambie bibi asifute. Awape majina, hata leo.

Mama yenu ninyi wanne

Louisville, 8 Septemba 2025

Mama,

Shikamoo. Pole, Mama yangu. Pole sana.

Bibi tulimzika Agosti. Kabla ya kufa alichoka, akawafuta wale watatu. Fomu ilidai shahidi wa kuthibitisha kwamba hakuzaa watoto wengine, na safari hii ofisi ilijibu ndani ya wiki moja kwamba kila kitu kiko sawa.

Shahidi nilikuwa mimi. Mama, wewe umeishije miaka yote hii?

Kornelia