Nilifunika Jua kwa Kidole Gumba

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na naomba unisaidie upesi, barua hii nimeileta kwa mkono wangu hapo mapokezi ya redio yenu kwa sababu sina siku za kusubiri, nisamehe mwandiko. Mimi ni msusi, nina saluni ndogo ya viti viwili, na pamoja na kusuka nina karata za taroti, zile za picha, aliniachia mteja mmoja alipohama, na kijitabu chake cha maelezo, basi mtu akichoka kukaa namtolea moja, ikitoka ya Mpumbavu, yule mwenye kifurushi begani anayetembea kuelekea ukingo wa genge huku anatazama juu, tunacheka, ikitoka ya Mnara unaopigwa radi namwambia haya, kamwangalie mumeo nyumbani, yaani ni mchezo tu, lakini wapo wasiocheza, wanaamini kabisa, na wa kwanza wao ni wifi yangu, dada yake mume wangu.

Wifi ana uvimbe shingoni, daktari amesema usipotolewa utabana njia ya hewa, siku hizi hata chai anaimeza kwa kuinua kidevu, na amepangiwa upasuaji Ijumaa hii asubuhi. Jumamosi alikuja nimsuke asije akalala hospitali na nywele timtim, akasema, "Nisuke twende kilioni, wifi, nyepesi ya kulalia," ule msuko wa mistari inayonyooka kwenda nyuma, na saluni nzima ikacheka jinsi alivyolitamka hilo jina. Ingeishia hapo ningekuwa salama. Lakini wifi ana mdomo, nimefika nusu ya kichwa akaanza kuwasimulia wateja kwamba kaka yake alikuwa anamchumbia nesi, nesi mzima, "akaja kuangukia kitana," wakacheka tena, na safari hii walinicheka mimi, nami nikacheka nao huku moyo unaniwaka.

Hapo ndipo akasema nitolee karata, niambie kama Ijumaa nitatoka salama, nikachanganya, nikatoa, ikatoka ya Kifo. Nikamshikia mbele ya uso wake kupitia begani, ni picha ya mifupa iliyovaa mavazi ya vita na kupanda farasi mweupe, mfalme kalala chini, na huko nyuma, pembeni, kuna jua kati ya minara miwili, na kijitabu kinasema wazi kwamba karata hiyo si ya kufa mtu, ni ya jambo kuisha ili jingine lianze, na jua lile ndilo linalosema hivyo. Mshauri, kidole gumba changu kilikuwa juu ya jua. Mwanzoni kilikaa tu, sikukusudia, lakini nilikiona, na sikukiondoa. Akaniuliza, "Ndiyo nini hii?" nikamtazama kwenye kioo nikanyamaza, nilinyamaza makusudi, nilitaka aogope kidogo, kidogo tu, nami nipumue.

Akanyanyuka vile vile, nusu kichwa kimesukwa nusu kiko wazi, akajifunga kitambaa akatoka, na tangu siku hiyo amegoma, anasema Ijumaa haendi popote. Mama mkwe analia, mume wangu amembembeleza mpaka sauti imemkauka, jibu ni moja, "Nina sababu zangu," na sababu zenyewe ninazo mimi peke yangu. Jana mume wangu akaniambia, "Wewe anakusikiliza, hebu nenda ukazungumze naye," nikaangusha kikombe.

Nimewaza hivi, nizipange karata kabla, ile ya Jua ikae juu, ile yenye mtoto anayecheka juu ya farasi, niende nimtolee upya, afurahi, aende hospitali, na asijue mtu. Je, nitakuwa nimekosea kama uongo huo utamwokoa? Maana nikikiri, sijui kama mume wangu atanitazama tena usoni. Na nakuomba sana usitaje lolote la kunitambulisha, wifi mwenyewe ndiye aliyenizoesha kipindi chako, hakosi hata Jumatano moja, redio yake iko juu ya friji.

Ni mimi, Msusi.

MSHAURI ANAJIBU

Msusi, pole. Pole nimeshaitoa, sasa kaa kwenye hicho kiti chako cha wateja unisikilize.

Wifi yako alikukosea. Kukuita kitana mbele ya watu wanaokupa riziki ni utovu wa adabu, na ungemwambia pale pale, "Wifi, hapo umenivunjia heshima," nani angekulaumu? Hata ungeukaza msuko mmoja mpaka nyusi zimpande, ningenyamaza. Lakini mtu amekuja kwako na hofu ya kisu shingoni, amekukalia amekupa kisogo, akakuuliza swali moja tu la maana, nawe ukaona hapo ndipo pa kulipiza! Hapo umenitia hasira, na sitakuficha.

Hilo la kupanga karata lifute. Tuseme Ijumaa akaenda kwa sababu ya Jua lako la kupanga. Wiki ijayo kidonda kitamuwasha, atarudi kukuuliza kama ameze dawa au aache. Utamjibu nini, na kwa kidole kipi? Aliyeogopeshwa na karata akitulizwa na karata, bado karata ndiyo daktari wake.

Mimi taroti siijui na wala siitafuti. Ila kusukwa nimesukwa. Hebu niambie, mwaka huu umesuka twende kilioni vichwa vingapi? Na wangapi walitoka hapo kwako wakaenda moja kwa moja harusini? Msuko una jina la msiba na hakuna aliyewahi kuzikwa kwa ajili yake. Wewe kati ya watu wote ulipaswa kujua kwamba jina ni jina. Ulijua, tena na kijitabu unacho, ndiyo maana kosa lako ni kubwa.

Sasa fanya hivi, na ufanye leo. Funga saluni. Mwambie mume wako mkiwa njiani, kabla hamjagonga mlango, asije akaisikia mara ya kwanza mbele ya dada yake. Atakasirika, mwache akasirike, mradi miguu inaendelea kwenda. Chukua karata ile moja na kijitabu, zilizobaki ziache. Mpe wifi aishike mwenyewe, kwa mikono yake, wewe weka yako mapajani. Kisha sema, "Hapa kuna jua, nililifunika, niliona na nikanyamaza kwa sababu ulinifanya kichekesho mbele ya watu." Usianze na "samahani kama." Hakuna kama. Akikutukana, yapokee. Maswali yote ya Ijumaa, ya sindano na ya kisu, amuulize daktari, na wewe uwe umekaa pembeni yake anapouliza.

Kuhusu ombi lako la mwisho. Mtu anayetaka siri isimfikie wifi yake haileti kwenye kipindi ambacho wifi huyo hakosi, tena akaniandikia na redio ilipokaa. Ulitaka nikusemee. Siku nyingine ningekunyima, ningekuacha utafute sauti yako mwenyewe. Lakini Ijumaa ni kesho kutwa na mtu anameza chai kwa kuinua kidevu, siwezi kubahatisha na ujasiri wako. Ndiyo maana barua nimeisoma yote, na kidole, na jua, na nusu kichwa.

Kwa hiyo wewe dada, mwenye kitambaa kichwani hapo karibu na friji, umesikia. Hakuna karata iliyosema utakufa. Alikuwepo mtu mwenye hasira, na hasira yenyewe uliichokoza wewe. Ijumaa nenda, na hilo la nesi utamwomba radhi ukishapona.

Msusi, ameshajua. Chukua kitana uende, ukamalizie ile nusu.